Kifaransa cha egzame ya Leta: namna ya kujitayarisha peke yako

Ninyi wa Mubi, wa Njingala, wa Biruwe na Walikale-centre, na ninyi mnaosoma gazeti hili huko ndani ya makambi, wakati kurasa zimekwisha kupita katika mikono kumi yenye udongo: amani iwe kwenu.

Mwezi huu tunazungumza na mtu wa namna moja. Labda ni wewe. Ulifika katikati ya sekondari, kisha shule ikakatika. Kwa wengine ilikatika zamani, miaka ya 2000, wakati kasiterite ya Bisie ilikuwa inaita vijana kutoka kila upande, na kijana aliyebeba mfuko mabegani mwake kupita porini alionekana kuwa na akili kuliko yule aliyebeba kaye. Kwa wengine ilikatika juzi tu. Mwezi wa tatu wa mwaka 2025, vita vilipofika Walikale-centre, watu walikimbia na watoto mgongoni, na kaye za shule si kitu cha kwanza ambacho mtu anabeba. Na kwa wengine hapakuwa na vita wala kasiterite: minervali ilikosekana, baba alikufa, mimba ilikuja. Leo unataka diplome. Umesikia kwamba Leta inaruhusu mtu asiyekaa darasani ajiandikishe kama otodidakte, maana yake mtu aliyejifunza mwenyewe. Unajipima, unaona hesabu utajikaza, historia utajikaza. Lakini Kifaransa kinakuogopesha.

Woga huo si wa bure. Katika egzame ya Leta, Kifaransa si somo moja kati ya mengine. Maswali ya jiografia yanaulizwa kwa Kifaransa, ya biolojia kwa Kifaransa, ya sivike kwa Kifaransa. Mwanafunzi anasema «nilianguka katika sayansi», kumbe aliangukia ndani ya sentensi ya swali, hata hakufika kwenye sayansi yenyewe. Ndiyo maana tunasema: yule anayejitayarisha peke yake aanze na Kifaransa, na akipe nusu ya saa zake. Haya ni maoni ya ukurasa huu. Mwalimu wa hesabu atatukasirikia, tunamwomba atuvumilie.

MNYAMA TUNAYEMWINDA

Examen d'État ilianzishwa mwaka 1967, na watoto, baba zao na hata babu zao wamepita katika mlango huo mmoja. Kipindi chenyewe kinachukua siku 4: siku ya «culture générale», siku ya sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya opsio yako. Siku ya lugha unakutana na Kifaransa pamoja na Kiingereza. Huandiki maneno mengi siku hizo. Unapewa maswali, kila swali na majibu yake chini, mara nyingi matano, nawe unachagua moja. Mara nyingi kuna maandishi ya kusoma kwanza, kisha unaulizwa maana yake, maana ya neno fulani ndani yake, kazi ya neno katika sentensi, wakati wa kitendo, jina la mwandishi au la kundi la waandishi. Karatasi zinatoka kwa seri mbalimbali, kwa hiyo jibu la jirani yako si jibu lako.

Lakini kabla ya siku hizo 4 kuna ile sehemu wanayoiita «hors session». Hapo ndipo disertasio inaandikwa, kwa mkono wako, kwa maneno yako, na hapo ndipo unazungumza Kifaransa mbele ya mtu anayekusikiliza. Vijana wengi wanajifunza kuchagua majibu mwaka mzima, halafu wanafika mbele ya karatasi nyeupe na mkono unakauka. Wewe usifanye hivyo. Anza na disertasio mapema, hata kama maandishi yako ya kwanza ni mistari sita.

Na wewe otodidakte una mlango mmoja zaidi: kuna mtihani wa mwanzo, «épreuve préliminaire», ambao sharti upite ndipo uruhusiwe kukaa pamoja na wafinalisti wa shule. Karatasi gani zinaombwa, tarehe gani, malipo gani, hayo yaulize mapema katika ofisi ya inspeksio, wewe mwenyewe na kwa mdomo wako. Usitume pesa kwa mkono wa mtu anayesema «mimi najuana nao». Tutarudi kwa huyo mtu.

KISWAHILI CHAKO KITAKUBEBA, NA PENGINE KITAKUANGUSHA

Sasa tuingie kazini. Kuna jambo ambalo shule zetu hazisemi sana: mtu anayejua Kiswahili vizuri ana nusu ya gramere ya Kifaransa ndani ya kichwa chake tayari. Shida ni kwamba hakuna aliyemwonyesha sehemu ambapo barabara hizi mbili zinakwenda pamoja, na sehemu ambapo zinaachana.

Chukua ile «subjonctif» ambayo inaogopesha watu. Wewe unaitumia kila siku mbele ya kunywa chai. Unasema «nataka uje», husemi «nataka unakuja». Ile «e» ya mwisho ndiyo «subjonctif» yako. Kifaransa kinasema «je veux que tu viennes». Unasema «lazima asome». Kifaransa: «il faut qu'il lise». Na uone jambo zuri zaidi: Kiswahili kinasema «natumaini atakuja», si «natumaini aje». Kifaransa nacho kinasema «j'espère qu'il viendra», bila «subjonctif». Swali hilo wanapenda kulitega, na wewe sikio lako la Kiswahili limekwisha kukujibia. Lakini ujiangalie hapa: tunasema «ingawa ana pesa», na hakuna «e» yoyote. Kifaransa kinaitaka: «bien qu'il ait de l'argent». Hapo barabara zinaachana. Ziandike sentensi hizo mbili katika kaye, moja chini ya nyingine, na uchore mstari mwekundu.

Tazama vilevile nyakati za hadithi. Ukisimulia safari unasema: «Tulikuwa tunapanda mlima, mvua ikanyesha, tukajificha.» Hakuna mtu aliyekufundisha kwamba «tulikuwa tunapanda» ni jambo lililokuwa linaendelea, na «ikanyesha» ni jambo lililotokea mara moja na kusukuma hadithi mbele. Unajua tu. Basi Kifaransa: «Nous montions la colline quand la pluie tomba, et nous nous abritâmes.» «Montions» ni «imparfait», ndiyo «tulikuwa tuna-». «Tomba» ni «passé simple», na mara nyingi ndiyo ile «ka» yako. Katika mazungumzo utasema «est tombée», lakini katika kitabu utakuta «tomba». Wanapokuuliza kwa sababu gani mwandishi alitumia wakati huu na si ule, rudisha sentensi katika Kiswahili, na jibu litaonekana.

Kisha kuna ile habari ya «participe passé» na «avoir», ambayo hata wafaransa wenyewe inawasumbua. Kanuni inasema kitendo kinafuatana na kile kilichotendwa ikiwa kimetajwa mbele ya kitendo. Maneno magumu! Lakini angalia Kiswahili: «waliuza mawe». Sasa weka mawe mbele: «mawe waliyouza». Umeona ile «yo»? Imetoka wapi? Imekuja kwa sababu mawe yametangulia. Kifaransa kinafanya hivyo hivyo: «ils ont vendu les pierres», lakini «les pierres qu'ils ont vendues». Ile «es» ni ndugu ya «yo». «Niliandika barua»: «j'ai écrit les lettres». «Barua nilizoandika»: «les lettres que j'ai écrites». Hapa ni «zo». Mtu akikuambia Kiswahili hakisaidii katika masomo, mwonyeshe hilo.

Na sasa mitego. Wa kwanza ni «kama». Sisi tunasema: «Kama ningekuwa na pesa, ningelipa minervali.» «Nge» mara mbili, moja kila upande. Kwa hiyo mtoto wa Mubi anaandika «si j'aurais de l'argent, je payerais», na anaona ni sawa, kwa kuwa Kiswahili chake ni sawa. Kifaransa hakitaki hiyo «nge» nyuma ya «si». Ni «si j'avais de l'argent, je payerais le minerval». Na kwa jambo lililokwisha kupita, «ningalisoma ningalifaulu», ni «si j'avais étudié, j'aurais réussi». Shika hivi: upande wa «si», hapana «rais». Upande wa pili ndipo «rais» inakaa.

Mtego wa pili unasikika ku barabara kila siku: «je lui ai vu». Umetoka moja kwa moja katika Kiswahili. Sisi tuna «m» moja inayofanya kazi mbili: «nimemwona», «nimemwambia». Kifaransa kinazitenga. Dawa yake ni kumweka mtu kwa jina: unasema «voir Pierre», hakuna «à» katikati, kwa hiyo «je l'ai vu». Unasema «parler à Pierre», kuna «à». Kwa hiyo «je lui ai parlé». Fanya jaribio hilo kwa kitendo chochote unachokutana nacho. Na kwa sababu Kiswahili hakina «il» na «elle», kila neno jipya uliandike na «le» au «la» yake mbele. Neno bila hiyo ni kama mfuko bila etiketi: upo, lakini huwezi kuuza.

KITABU KIPO NYUMBANI TAYARI

Utasema: sawa, lakini vitabu viko wapi? Mubi hakuna duka la vitabu vya masomo kama yale ya Goma au Bukavu, na kitabu kikifika kwa barabara yetu kinafika na bei ya barabara yetu. Ni kweli. Lakini katika nyumba nyingi za wakristo kuna kitabu kimoja kinene, na kitabu hicho kinapatikana kwa lugha zote mbili. Tafuta Biblia ya Kifaransa, ile ya Louis Segond, uiweke kando ya Biblia yako ya Kiswahili. Hapo una mwalimu asiyelala.

Fanya hivi. Chagua kitabu chenye hadithi. Ruthu ni kizuri sana, sura 4 tu. Soma mistari 5 kwa Kifaransa, kwa sauti. Angalia Kiswahili chake. Kisha funga Kifaransa, fungua Kiswahili peke yake, na ujaribu kuandika mistari ile kwa Kifaransa. Ukimaliza, fungua Segond na ulinganishe neno kwa neno. Makosa yako yatasimama mbele yako bila mtu wa kukucheka. Kesho yake rudia mistari ile ile, halafu ongeza mingine 5. Ukimaliza Ruthu utakuwa umekutana na «passé simple» mara nyingi kuliko katika mwaka mzima wa shule. Ujiangalie tu, usiandike disertasio yako kwa lugha ya Segond. Tafsiri yake maarufu ni ya mwaka 1910, na maneno yake mengine ni ya wazee. Inspekteri hataki nabii, anataka mwanafunzi.

Soma kwa sauti, tumesema. Yule mkubwa wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume, aliyekuwa anarudi kwake katika gari akisoma Isaya, Filipo alijuaje anachosoma? Alimsikia. Mtu yule alikuwa msomi na mwenye cheo, anasoma peke yake njiani kwa sauti, na alipoulizwa kama anaelewa, hakuona haya kusema anahitaji mtu wa kumweleza. Kujifunza peke yako si kukataa Filipo. Mubi ina walimu, wauguzi, maagronomi, makarani wa kampuni. Kusanya maswali yako ya juma zima katika ukurasa mmoja, umwendee mmoja wao siku ya Mungu nyuma ya ibada, umwombe dakika 20. Ukimwendea na swali lililoandikwa, ni wachache watakaokukatalia.

Kwa masikio, kuna redio. Radio Okapi inasema kwa Kifaransa na kwa Kiswahili tangu 2002; sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, na baadaye zile zile kwa Kifaransa, utashangaa namna unavyofuata. RFI nayo ina kipindi cha dakika 10 kinachoitwa «Le Journal en français facile», habari za dunia kwa Kifaransa chepesi, na maneno magumu yanaelezwa palepale. Mahali penye rezo unaweza kukiingiza katika telefoni na kukisikiliza mara tatu. Mara ya tatu simamisha, na useme mwenyewe habari moja kwa mdomo, kama unamwelezea mtu. Hayo ndiyo matayarisho ya mtihani wa mdomo. Wenzako watasema unajifanya mzungu. Watakuja kukumwagia poda kichwani siku matokeo yakitoka, na watakuwa wa kwanza.

Kuhusu vitabu vya waandishi wetu: ukiweza kupata kimoja tu, tafuta cha Zamenga Batukezanga. Huyu mzee wa kwetu, aliyefariki mwaka 2000, aliandika Kifaransa chepesi juu ya mambo ya familia, uchawi, mali, kijiji na mji. «Les Hauts et les Bas» kilitoka 1971, na vitabu vyake vingi vilichapwa na wapadri wa Saint Paul huko Kinshasa, ndiyo maana mara nyingi unaweza kuvikuta katika parokia. Pia «L'Enfant noir» cha Camara Laye, cha 1953. Vijana wa karie watakipenda: baba yake alikuwa mhunzi, na kuna ukurasa ambapo anayeyusha dhahabu na mtoto anatazama kimya. V. Y. Mudimbe, aliyefariki mwaka 2025, ni mkubwa wetu sana, na «Entre les eaux» cha 1973 kinaeleza padri aliyeingia msituni pamoja na waasi. Lakini Kifaransa chake ni kizito, kiache mpaka mwezi wa mwisho. Majina ya Césaire, Senghor na Damas, pamoja na neno «Négritude» na Paris ya miaka ya 1930, hayo yashike kwa kichwa tu.

DISERTASIO

Tuseme wamekupa swali hili: «Peut-on réussir dans la vie sans avoir étudié ?» Mubi kila mtu ana jibu la swali hilo, kuanzia motari hadi mama anayeuza ndizi. Hapo ndipo hatari iko. Unafika na jibu tayari, unaliandika mara nne kwa maneno tofauti, karatasi imejaa na hakuna kitu.

Mbele ya kuandika, chukua dakika za kutosha kugombana na wewe mwenyewe. Upande mmoja: ndiyo, inawezekana. Kuna negosian asiyejua kusoma sana, ana nyumba ya mabati na watoto wake wanasoma Goma. Usimdharau katika disertasio yako, ni mfano wa kweli. Upande wa pili: lakini nani anasoma karatasi anazotia sahihi? Tangu Kodi ya Madini ilipogeuzwa mwaka 2018, mchimbaji wa mkono sharti awe ndani ya koperative, na statuti za koperative zimeandikwa kwa Kifaransa. Sheria hiyo hiyo inasema kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji, na iandikiane nao «cahier des charges». Bisie imekuwa mgodi wa mashini tangu 2019. Kijiji kisicho na mtu wa kuisoma karatasi hiyo mpaka mstari wa mwisho kitasomewa na wengine. Kisha upande wa tatu, ule wa kuunganisha: kufaulu ni nini hasa? Kuwa na mali, au kuweza kuilinda na kuielewa? Umeona? Una sehemu tatu, na mifano yote umeitoa nje ya mlango wako. Utangulizi ni mistari michache: kueleza swali, kuonyesha njia utakayopita. Mwisho vilevile ni mfupi.

Maneno ya kuunganisha, kama «car», «donc», «cependant», «c'est pourquoi», «afin que», ukitaka kuyaona yakifanya kazi, soma barua kwa Warumi katika Kifaransa. Paulo anaweka wazo, anajiuliza swali ambalo mpinzani angeuliza, anajibu, anaendelea. Pigia mstari kila neno linalofunga sentensi moja na nyingine. Wakristo wengi wamesoma barua hiyo mara nyingi bila kuona kwamba ni mabishano yaliyopangwa vizuri kabisa.

Andika disertasio moja kila juma, siku ya posho usiku. Siku zingine zinatosha dakika 45, nyuma ya kazi, na ile torshi ya kichwa unayoshuka nayo shimoni. Maneno mapya 5 kwa siku, kila neno ndani ya sentensi yako mwenyewe. Kwa miezi 8 utapita 1,000. Ukichoka sana usifungue gramere, sikiliza redio tu. Na miezi miwili ya mwisho tafuta maswali ya miaka iliyopita, zile fotokopi, uyafanye na saa mbele yako. Usiamini majibu yaliyoandikwa nyuma ya fotokopi. Mengi yana makosa. Jibu ambalo huwezi kueleza sababu yake, usihesabu kwamba umelipata.

Wazazi, neno moja kwenu. Msichana anayejitayarisha akiwa na mtoto anahitaji saa moja ambayo hakuna mtu anamtuma maji wala sufuria. Saa moja tu. Bibi anaweza kumshika mtoto. Tunawasikia wengine wakisema «huyo alikwisha kuharibu masomo yake». Egzame haiulizi habari hiyo, inauliza kama anajua.

Na yule mtu. Kila mwaka egzame ikikaribia, anapita na karatasi mfukoni, anasema ana majibu, lete dola. Mwingine anasema atakuandikia disertasio, au atasema na mtu aliye na mtu. Fikiri kidogo: seri ni nyingi, wewe mwenyewe hujui utapewa ipi, yeye anajuaje? Na tuseme ni kweli, amekupitisha. Diplome hiyo utakwenda nayo kuomba kazi, na mtu wa ofisi atakusemesha Kifaransa kwa dakika tano. Pesa ya kasiterite inatoka chini ya ardhi kwa taabu, na tumezika watu juu yake. Usimpe huyo.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Weka sentensi hizi katika Kifaransa, bila kumwuliza mtu kwanza:

Lazima mama ajue ukweli.
Kama mvua isingenyesha, tungefika Njingala leo.
Mwalimu? Nimemwona, na nimemwambia yote.
Nyimbo tulizoimba zilimfurahisha mzee.
Ingawa yeye ni mgonjwa, anasoma kila usiku.

Kisha andika mpango tu, si disertasio nzima, juu ya swali hili: «Faut-il quitter son village pour réussir ?» Pande tatu, na kila upande mfano mmoja kutoka Walikale. Majibu ya sentensi yatakuwa katika ukurasa huu mwezi ujao, na tutaanza Kiingereza, ambacho siku ya lugha kinakaa pamoja na Kifaransa na ambacho wengi wanakisahau mpaka usiku wa mwisho.